Mgeni wangu anataka kuona mji wa wachawi

Rafiki yangu tuliyesoma naye Mlimani yuko Massachusetts, Marekani, anatafuta digrii ya pili. Mwezi uliopita akaniandikia kwamba anakuja likizo. "Mwanangu, nitembeze kwenu Shinyanga. Nimeshaona mji wa wachawi wa huku, sasa nataka kuona wa kwetu."

Jamani! Kwanza nilicheka. Kisha nikakasirika kidogo. Lakini swali lake likanikaa kichwani: hivi mgeni akija Usukumani kutafuta historia hii, nimpeleke wapi?

Mji anaousema ni Salem. Mwaka 1692, katika kesi za uchawi za pale, watu 19 walinyongwa na mzee mmoja akakandamizwa kwa mawe mpaka akafa. Leo mji unakula kwa jina hilo. Magari ya polisi yana picha ya mchawi amepanda ufagio. Kuna makumbusho yenye sanamu za watu na sauti ya kutisha. Mshkaji alilipa kiingilio, akanunua na fulana. Lakini anasema kilichomgusa hakikuwa na kiingilio: ni ukuta wa mawe uliojengwa 1992, una viti 20 vya mawe, kila kiti na jina la mtu na tarehe aliyouawa.

Haya, nikakaa nimpangie ziara.

Siku ya kwanza: Bujora, pale Kisesa, ukitoka Mwanza unaelekea Musoma. Ni makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement wa Canada. Kuna ngoma za watemi, kuna nyumba ya mhunzi na nyumba ya mganga. Nilimpeleka kwa makusudi, maana wageni wengi huchanganya mambo. Kwa Kisukuma mganga ni nfumu, mchawi ni nogi. Ni watu wawili tofauti. Bujora inakuonyesha dawa na heshima ya nfumu. Haikuonyeshi siku ambayo mpiga ramli anamtaja jirani yako. Nenda Bujora, ni pazuri sana, ila usidhani umemaliza.

Siku ya pili tukavuka Daraja la Kigongo–Busisi, lile lililofunguliwa Juni 2025. Kuvuka ni dakika chache, mimi niliyezoea foleni ya kivuko bado siamini. Tukasimama Sengerema mjini. Pale kuna sanamu iliyowekwa na shirika la Under The Same Sun: baba amembeba mtoto mwenye ualbino mabegani, mama anamvalisha kofia pana. Kuna majina ya waliouawa na kushambuliwa. Hakuna kiingilio, hakuna sauti ya kutisha. Mshkaji akasoma majina kimya kimya, na mimi nikawa kimya.

Geita tulilala. Jioni tulipiga soga na wachimbaji wadogo. Mmoja alituambia: ukishuka kwenye duara miezi mitatu bila kupata kitu, husemi mwamba hauna dhahabu, unasema kuna mtu amekufunga. Unakwenda kuuliza ni nani. Hapo ndipo mambo yanapoanzia. Waliowawinda ndugu zetu wenye ualbino waliahidiwa utajiri wa namna hiyo. Kesi ya kwanza kuishia kwa hukumu ya kunyongwa ilisikilizwa na Mahakama Kuu pale Kahama, Septemba 2009.

Siku ya tatu tukaingia Shinyanga kupitia Kahama. Na hapa ndipo niliishiwa.

Takwimu ninazo. Kati ya 1970 na 1984, watu 3,693 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, 2,286 kati yao wanawake, na sehemu kubwa ni Usukumani. Mwaka 1976 serikali iliendesha operesheni ya kukomesha mauaji hayo Mwanza na Shinyanga, watuhumiwa wakateswa na wengine wakafa mikononi mwa dola. Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu mwaka 1977. Yote haya nilimweleza ndani ya basi. Lakini ukuta wa viti je? Tangu nianze kuripoti mkoa huu sijapita mbele ya jiwe hata moja lenye majina ya vikongwe wetu.

Na mimi nina sehemu yangu. Habari zao nimeziandika, mnazijua: kikongwe auawa kwa mapanga, imani za kishirikina zatajwa, kamanda athibitisha. Aya nne. Sijawahi kuuliza shamba la marehemu sasa linalimwa na nani.

Nasema hivi kwa sababu ya bibi yangu. Bibi anaishi Ngokolo, chumba cha uani kwa baba mdogo. Kwake ni Kishapu. Miti ya huko ilikwisha zamani kwa kufyeka mapori ya mbung'o na kupanua pamba, hivyo miaka yote alipikia mabua na mavi ya ng'ombe. Moshi ule ukamfanya macho mekundu. Mtoto wa jirani alipofariki, usiku ukapita, asubuhi karatasi mlangoni: ondoka kabla ya mwezi kwisha. Haikuwa na jina. Aliondoka na kuku wawili na godoro. Shamba lake la mpunga linalimwa na mtu wa ukoo wetu, ninayemwamkia shikamoo kwenye kila msiba. Katika ratiba ya ziara yangu, shamba hilo sikuliweka.

Jioni tukaenda kumsalimia. "Mwangaluka," mshkaji akajitutumua, na giza lilikuwa limeshaingia! Bibi akacheka sana. Mshkaji akaona aibu, akamsimulia Salem yote, viti na majina.

"Na waliowataja, nao wanajulikana?" bibi akauliza.

"Wanajulikana, bibi. Nyumba ya hakimu mmoja, Jonathan Corwin, bado imesimama, watu wanalipa kuingia. Mwingine, Samuel Sewall, aliomba radhi kanisani mbele ya watu, mwaka 1697."

Bibi akanyamaza kidogo. Akanigeukia mimi.

"Mjukuu wangu, shamba langu umemwonyesha?"

"Bado, bibi."

"Mmezunguka siku tatu."

Sikuwa na jibu. Mshkaji aliinua simu ampige picha, bibi akaziba macho kwa mkono. "Haya macho yameshanitoa kijijini, mjukuu. Piga picha shamba."

Asubuhi yake tulipanda basi la Kishapu. Mwenye kulima alikuwepo, jembe mkononi. Nikamwamkia kama kawaida, akaitikia kama kawaida, akauliza mgeni ametoka wapi.

"Amekuja kuona shamba la bibi," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuliita hivyo mbele yake.