Cha Bure Kina Mwenyewe

Nianze kwa kukiri. Miaka michache iliyopita hadithi yangu fupi ilichukuliwa, ikabandikwa kwenye ukurasa wa mtu mwingine bila jina langu. Nililalamika wiki nzima. Niliandika maneno makali kuhusu wezi wa kazi za sanaa, marafiki wakanipa pole, nikazipokea zote. Wakati huohuo, kwenye kompyuta yangu, nilikuwa nimefanya jambo lilelile. Tofauti ni kwamba mimi nilijiita mbunifu.

Nilikuwa nimetengeneza programu ndogo ya kusomea hadithi kwenye simu bila intaneti. Niliiuza shilingi 3,000: mtu analipa, namtumia faili kwa WhatsApp, anasakinisha, basi. Ila kazi ngumu kuliko zote, yaani kufungua kitabu, kupanga kurasa na kukumbuka msomaji aliishia wapi, haikuwa yangu. Niliitoa kwenye programu huria yenye leseni ya GPL, toleo la 3. Nikarekebisha hapa na pale, nikaweka rangi nizipendazo, nikafuta majina niliyoyakuta na kuandika langu. Leseni yenyewe niliiona. Faili refu la Kiingereza, nani asome? Si kitu cha bure?

Siku moja mnunuzi mmoja, mwalimu, akaniandikia: "Habari kaka. Samahani kwa usumbufu. Nina mwanafunzi mwenye uoni hafifu, maandishi ya programu yako hayakui vya kutosha. Kijana wangu anayesomea kompyuta anasema ndani mna sehemu ya GPL. Tunaomba msimbo chanzo tujaribu kurekebisha wenyewe."

Nilikasirika. "Huyu anataka kuniibia," nilimwambia mke wangu. Ndiyo, nilitumia neno hilo. Usiku ule ndipo nilipoisoma leseni kwa mara ya kwanza, nikitafuta pa kumkatalia.

Kwa asiyejua: msimbo chanzo ni maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na binadamu. Yakishakompailiwa, yanakuwa faili ambalo simu inalielewa lakini mtu halisomi. Ni kama andazi. Ukishapewa limeiva, huwezi kulirudisha kwenye unga ili upunguze sukari. GPL inaniruhusu kugawa andazi, hata kuliuza. Ila ninayempa ana haki ya kupata na mapishi yake.

Na si mapishi yoyote. Msimbo ninaotoa uwe ule hasa uliozaa faili alilonalo, pamoja na maelekezo ambayo kompyuta inayafuata katika kulijenga. Nakala ya leseni iende pamoja nalo. Taarifa za hakimiliki za walionitangulia zibaki. Nikiwa nimebadilisha kazi ya mtu, niseme nimebadilisha, na tarehe niweke. Kisha programu yote niliyoijenga juu ya kazi ile, hata mistari niliyoiandika kwa mkono wangu, itoke chini ya leseni ileile. Pa kumkatalia hapakuwepo.

Kibaya zaidi, msimbo niliokuwa nao haukuwa wa toleo alilonunua. Nilikuwa nafuta na kuandika juu yake kila wiki, kama mwandishi anayesahihisha mswada wake pekee bila kuweka nakala. Nilipekua flashi na barua pepe za zamani siku nne, nikaambulia vipande. Hata kama ningetaka kuwa mwaminifu, sikuwa na cha kutoa.

Katika kuhangaika nikakutana na kisa cha Richard Stallman, aliyeiandika GPL ya kwanza mwaka 1989. Kwenye maabara yao pale MIT kulikuwa na printa ya Xerox ambayo karatasi zilikuwa zikikwama. Alitaka kuirekebisha programu yake. Akamwomba msimbo mtu aliyekuwa nao, akanyimwa. Kisa hicho husimuliwa ili msomaji amwonee huruma Stallman. Mimi nilijitambua kwa yule aliyenyima.

Nikaacha kugawa toleo la zamani. Nikajenga jipya, nikalihifadhi pamoja na msimbo wake kwenye folda moja yenye namba moja, nikarudisha majina niliyoyafuta. Wanunuzi wote niliwatumia bure, na kiungo cha msimbo kando yake. Mwalimu nikamwandikia: "Samahani mwalimu, nimekuchelewesha." Sikumweleza kwa nini.

Baada ya wiki tatu akanitumia toleo lao. Herufi zilikuwa kubwa, za njano kwenye weusi. Aliniambia yule mwanafunzi amemaliza hadithi nzima bila kusomewa. Ndani, kwenye orodha ya waliofanyia kazi programu, nilikuta majina ya wale nisiowahi kuwaona, kisha langu, kisha la kijana wake na tarehe. Sikuwa nimemwomba aliache jina langu. Leseni ilishamwomba kwa niaba yangu, naye alikuwa ameisoma.

Aliyechukua hadithi yangu hajaweka jina mpaka leo. Inaniuma bado. Ila siku hizi, kabla sijaanza kulalamika, nafungua kwanza ile folda.