KICHWA CHA MTOTO (Sehemu ya 4): Bingwa asiyelikumbuka kombe lake

 

Leo naanza mbali kidogo, nivumilieni. Kuna Mwingereza anaitwa Steve Thompson, pande la mtu, alikuwa anacheza raga. Ile ya mpira wenye umbo la yai, watu wanaparamiana. Yeye alisimama katikati ya mstari wa mbele, pale wachezaji wanane wanapoinama na kusukumana na wanane wenzao. Yaani shingo na kichwa ndiyo jembe lake.

Tarehe 22 Novemba 2003, Sydney, fainali ya Kombe la Dunia, Uingereza na Australia. Muda wa nyongeza unaisha, 17 kwa 17. Thompson ndiye aliyerusha mpira kutoka pembeni. Ukadakwa, ukapita mkono kwa mkono, Jonny Wilkinson akaupiga kwa mguu wa kulia, na yeye ni wa kushoto! 20 kwa 17. Nchi nzima ikapiga kelele.

Mwaka 2007 shingo ikamstaafisha. Haikupita muda mrefu akarudi uwanjani, akacheza hadi 2011, shingo ikamtoa tena, safari hii moja kwa moja. Mechi 73 za timu ya taifa.

Desemba 2020, akiwa na miaka 42, akajitokeza kusema amekutwa na dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu tuliozoea kuuona kwa bibi na babu. Hakumbuki kushinda lile kombe. Anajiona kwenye mkanda wa mechi, kichwani hakuna kitu. Kuna wakati hata jina la mkewe linampotea. Ana watoto wanne. Nilipofika hapo niliweka simu chini.

Tusitishane. Mtoto kuanguka kitandani mara moja hakumleti huko. Kinachotajwa ni mapigo mengi, miaka na miaka, hata yale madogo ambayo mtu anajipangusa na kuendelea. Thompson na wenzake wamefungua madai kwamba waliosimamia mchezo hawakuwalinda.

Sasa kwa nini nawasimulia? Kwa sababu mwanangu wa pili, akiwa na miaka tisa, aligongana vichwa na mwenzake uwanjani. Akaja: "Mama, kichwa kinauma, naona kizunguzungu." Mimi, nesi mzima, nimetoka zamu ya usiku, nikamwambia kunywa maji ulale, mwanaume hadeki. Kesho yake akaenda kucheza tena. Siku ya tatu mwalimu akanipigia: mtoto anauliza swali lile lile mara nne. Alipona, nashukuru. Ila jamani, ningekuwa ni mama mwingine kaja wodini na maelezo hayo ningemsema mpaka alie.

Mengi mmeniuliza inbox, hili ndilo kubwa: "Nesi, kama hakuzimia si yuko salama?" Hapana. Ubongo hutikisika mara nyingi bila mtu kuzimia kabisa. Angalia kama anashangaa shangaa, anasahau, mwanga unamuumiza, amekuwa mkali ghafla. Huyo mtoe uwanjani siku hiyo hiyo, apumzike siku moja au mbili, na TV na simu apunguze. Uingereza kwenyewe, mwongozo wao wa 2023 kwa michezo ya mitaani na shuleni unataka asirudi kwenye mechi kabla ya siku 21. Pigo la pili kabla la kwanza halijapona ndilo linalonitia hofu.

Akitapika mara kwa mara, akasinzia mpaka kumwamsha ni kazi, akapata degedege, maumivu yakazidi, mboni moja ikawa kubwa kuliko nyingine, mkono au mguu ukalegea, damu au majimaji yakatoka puani au masikioni, usisubiri asubuhi. Hospitali. Kichanga akikataa kunyonya, analia bila kunyamaza au utosi umevimba, vivyo hivyo.

Juzi mwanangu kaniomba ruhusa ya kurudi kwenye timu ya shule. Nimemruhusu. Kwanza nilimwita kocha pembeni nikamweleza yote haya. Alinitazama kama nimechanganyikiwa, akacheka, halafu akachukua namba yangu.

Sehemu ya 5 ni chai ya moto na watoto wanaotambaa. Kesho usiku, nikitoka zamu.