Bonge Limetoka, Dawa Bado

Kwenye wodi ya kiharusi ninakofanya kazi hapa Uingereza, kuna swali ambalo familia huniuliza siku mgonjwa anaporuhusiwa: "Nesi, bonge la damu si limeshatolewa? Vidonge hivi vya nini tena?"

Ninawaelewa. Wameona jambo kubwa. Daktari amepitisha mpira mwembamba kwenye mshipa wa kinena au wa mkono mpaka kichwani, akalivuta bonge, na mtu aliyeshindwa kuinua mkono akauinua. Majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2015 yalithibitisha kuwa tiba hii inasaidia.

Lakini mara nyingi bonge ni matokeo tu. Chanzo kiko kwenye ukuta wa mshipa: lehemu imejikusanya miaka mingi, siku moja utando wake ukapasuka, damu ikaganda hapo. Kuvuta bonge hakutibu ukuta huo. Kazi hiyo ni ya statini. Hupunguza lehemu inayotengenezwa na ini, na hufanya iliyokwisha kujikusanya isipasuke kwa urahisi. Utafiti wa SPARCL wa mwaka 2006 ulihusisha watu zaidi ya 4,700 waliowahi kupata kiharusi au dalili zake za muda mfupi. Waliomeza miligramu 80 za atovastatini kila siku walipata viharusi vichache zaidi kuliko wenzao.

Wageni huwa wananisikiliza. Mjomba wangu ndiye alinipa kazi. Kiharusi kilimpata alipokuja kututembelea, akatolewa bonge, akarudi Tanga akitembea mwenyewe. Baada ya miezi mitatu mkewe akanidokeza kwamba ameacha vidonge. Nikampigia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mimi mzima, sokoni naenda kwa miguu. Dawa anakunywa mgonjwa."

Sikubishana naye. Nilimuuliza kama kuna kinachomsumbua, akasema mapaja yanamuuma. Nikamwambia hiyo ni sababu ya kumwona daktari, si ya kuacha dawa kimyakimya, kwa kuwa dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Maumivu makali ya misuli pamoja na mkojo wa rangi ya chai ya mkandaa, hapo ni kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Alikwenda, akabadilishiwa, na sasa anameza kila siku.

Mgonjwa wenu akirudi nyumbani, mpeni barua ya hospitali yenye jina halisi la dawa, si la kampuni, pamoja na dozi yake. Muulizeni habari za vidonge kila mnapompigia.

Halafu kaeni kikao cha ndugu. Sisi tulio mbali tuna wepesi wa kuchangia operesheni na nauli. Hela ya vidonge vya kila mwezi ni ndogo, haina kundi la WhatsApp wala mtunza hazina, na ndiyo inayosahaulika. Mchagueni mmoja ashike jukumu hilo, kwa jina.