Barua kutoka Coventry: Anzia Kwenye Tairi, Mpwa Wangu



Ujumbe wako nimeusoma, na picha za Subaru Impreza uliyoipata huko Mbeya nimezitazama moja baada ya nyingine. Bodi imetunzwa, injini unasema haili oili, na furaha uliyo nayo naijua. Umeniuliza springi za kulishusha gari zinauzwaje huku, na rimu za inchi 18 zinapatikana wapi. Nitafika huko, ila nitaanzia mahali ambapo hukuuliza, kwa sababu umeniambia mwezi wa kumi na mbili utampakia mama yako mteremke mlima Kitonga kwenda Dar, na mama yako ndiye dada yangu pekee.

Mji huu ninaoishi umekulia kwenye viwanda vya magari. Ukishuka kusini, chini ya mwendo wa saa moja, unafika Banbury, kwenye makao ya Prodrive, waliotengeneza Subaru za mashindano. Gari lao ndilo dereva Colin McRae alilotwalia ubingwa wa dunia wa rali mwaka 1995, na mwaka 1997 akashinda nalo Safari Rally kule Kenya. Ndiyo maana Impreza za miaka ile zina heshima kubwa hapa. Nyingi ziliuzwa hapahapa zikiwa mpya, na nyingine zililetwa kutoka Japani zikiwa zimetumika, kama zinavyokuja kwetu, maana Waingereza nao huendesha upande wa kushoto. Yangu ni ya mwaka 1998. Jumamosi nyingi utanikuta chini yake.

Kitu kilichonifundisha zaidi huku ni ukaguzi wa MOT. Gari likishatimiza miaka 3, kila mwaka linapelekwa kukaguliwa. Mkaguzi analiinua, anaingiza mtaimbo mwembamba kwenye viungo, anasukuma huku na huku. Bolijointi inayocheza sana, bushi iliyochanika, kutu iliyokula chuma karibu na mahali mguu wa gari unapofungwa: vyote hivyo vinaliangusha gari, hata kama linang'aa na injini inanguruma vizuri. Na kutu hapa ni adui wa kweli, kwa sababu wakati wa baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu isigande. Impreza za zamani huoza kwa nyuma, kuzunguka sehemu shokapu inaposhika kwenye bodi. La kwako halijawahi kuona chumvi hiyo. Una chesisi ambayo vijana wengi wa hapa wangeitamani.

Sasa tairi. Gari zima, na ninyi mliomo ndani, mnashikilia barabara kwa vipande vinne vya raba, kila kimoja karibu ukubwa wa kiganja. Nguvu ya injini, breki na usukani vyote hupitia hapo. Kabla hujanunua springi, chuchumaa usome ubavuni mwa kila tairi, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Utaona tarakimu nne. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nene kabisa na bado likawa limezeeka: raba imekauka, imekuwa ngumu, na kwenye lami yenye maji halishiki. Mwaka 2012 basi la abiria lilipata ajali Surrey, hapa Uingereza, baada ya tairi la mbele kupasuka, watu 3 wakafa. Tairi lile lilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 19. Mama wa kijana mmoja aliyefia humo hakunyamaza, na tangu Februari 2021 matairi yenye zaidi ya miaka 10 yamepigwa marufuku kwenye magurudumu ya mbele ya malori na mabasi. Huwa namkumbuka mama yule kila ninaposikia mtu anasifia tairi la mtumba kwa kashata tu.

Jambo la pili linahusu Subaru hasa. Gari lako linavuta magurudumu yote 4, na katikati, kati ya mbele na nyuma, kuna difu yenye kifaa cha mafuta mazito ya silikoni kinachosawazisha mwendo. Kifaa hicho kimeundwa kivumilie tofauti za muda mfupi, kama gari linapokata kona au gurudumu linapoteleza kwenye tope. Kwetu mtu hununua matairi mawili mapya, akayafunga mbele, nyuma akabaki na ya zamani. Piga hesabu nami. Tairi jipya lina kashata ya milimita 8. La zamani limebaki na 3. Tofauti ya milimita 5 kwenye nusu kipenyo inaleta milimita 31 kwenye mzunguko mmoja, wakati Subaru wanataka tofauti isizidi kama milimita 6. Kwa tairi la 205/50 R16, hiyo ni karibu mita 16 kila kilomita. Kutoka Morogoro hadi Dar, kama kilomita 190 hivi, magurudumu ya nyuma yatakuwa yamezunguka kana kwamba yamesafiri kilomita 3 zaidi ya yale ya mbele, na difu ya katikati imebeba tofauti hiyo njia nzima bila kupumzika. Hupata moto, na mwisho wake gari linagoma kukata kona kali, linajivuta kama limefungwa breki. Nunua manne kwa mpigo, aina moja, saizi moja. Kama pesa haijatosha, subiri.

Kuhusu rimu za inchi 18, kwa gari hili mimi nasema hapana. Saizi ya 16 inatosha kabisa. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito, na uzito huo uko chini ya springi, mahali ambapo gurudumu linatakiwa kupanda na kushuka upesi kufuata barabara. Tena ubavu wa tairi unakuwa mwembamba, na shimo moja tu la njiani linapinda rimu.

Ukishamaliza tairi, nenda kwenye raba za bushi. Gari la zaidi ya miaka 25 bushi zake zimekufa, hata zile zinazoonekana nzima. Unapokanyaga breki mguu unarudi nyuma kidogo, ukiachia unakwenda mbele, na magurudumu yanabadilisha mwelekeo bila wewe kugusa usukani. Watu wengi huilaumu shokapu kwa kosa la bushi ya bei ndogo. Ukizibadilisha, mwambie fundi jambo hili, na usione haya kulirudia: nati za mikono ya chini inayoshikilia magurudumu zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake, si likiwa juu ya jeki miguu inaning'inia. Raba ya bushi imeshikamana na chuma pande zote mbili. Ikikazwa miguu ikiwa inaning'inia, gari likishushwa inabaki imesokotwa muda wote, na baada ya miezi michache inachanika.

Hapo ndipo tunafika kwenye springi zako. Mwenye gari langu wa zamani alikuwa amelishusha sana na kukata zile raba za kuzuia zilizo juu ya shokapu. Likisimama lilipendeza. Likiingia kona yenye kishimo, shokapu ilifika mwisho wake, mguu ukawa mgumu ghafla, na tairi likaruka pembeni. Impreza ina shokapu inayobeba mguu mbele na nyuma, na ukilishusha kupita kiasi mikono ya chini inainamia upande usiotakiwa, gari linalala kwenye kona hata kama springi ni ngumu. Milimita 20 au 25 zinatosha, pamoja na shokapu mpya zilizotengenezwa kwa springi hizo. Springi hubeba uzito. Shokapu ndiyo inayoizuia isiendelee kurusharusha gari. Magari ya Safari Rally yalikuwa yameinuka juu, yenye miguu inayosafiri mbali, na yalipita kasi mahali ambapo gari lililolala chini lingeacha oili yake yote njiani.

Mimi hupima kazi yangu Wales, kwenye barabara ya A543 inayokatiza nyika ya Denbigh. Lami ina mawimbi, upepo mkali, kondoo pembeni, na mvua haiko mbali. Nilipoweka shokapu laini kuliko zile alizofunga mwenye gari wa zamani, gari liliacha kurukaruka na likaanza kuifuata barabara. Nilifurahi kupita kiasi.

Mwisho ni vipimo vya magurudumu. Boliti ya juu inayounganisha shokapu ya mbele na mguu ina kichwa kisicholingana. Ukiizungusha, gurudumu linainamia ndani au nje. Likiinamia ndani kama nyuzi 1 na nusu kila upande, tairi la nje linakaa bapa gari linapolala kwenye kona. Kwa matumizi ya kila siku usizidishe hapo. Mwelekeo wa mbele uwe sawa, usifungue wala kufunga, kwa sababu hapo ndipo matairi huliwa haraka zaidi. Na upepo upimwe asubuhi, matairi yakiwa ya baridi: joto likiongezeka kwa nyuzi 10, kipimo hupanda kama psi 2, na Mbeya si Dar.

Bushi nitazituma na mtu anayekuja mwezi wa kumi na moja. Kabla hajafunga begi, nipigie picha za tarakimu za DOT za matairi yote 4, pamoja na la akiba, na picha ya pembe za ndani za yale ya mbele. Mpe mama yako salamu zangu.

Mjomba wako