Redio ya Ridhaa kwa Dishi la Nyumbani

Madishi ya televisheni tunayoyaona juu ya mapaa, hata kwetu Makebuko, yaweza kufanya kazi nyingine ambayo wengi hawajaambiwa. Setilaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, iliyorushwa Novemba 2018, imebeba chombo cha kupitishia sauti za wanaredio wa ridhaa, yaani watu wazungumzao redioni kwa mapenzi tu, bila malipo. Ni ya kwanza kwao kutulia mahali pamoja angani, yapata kilomita 36,000 juu ya ikweta, katika nyuzi 26 mashariki. Sisi tuko karibu na nyuzi 30. Kwa hiyo dishi hutazama juu karibu wima, na mvua hulijaza kama bakuli lisipotobolewa tundu.

Kusikiliza hakuna gharama kubwa: dishi na kichwa chake cha kawaida, pamoja na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Utamsikia Mjerumani akijibizana na mtu wa Afrika Kusini, bila mnara wala vocha. Kusema ndiko kunakotaka leseni, na mtambo wa wati chache.

Mke wa askari aliye mbali aweza kuiona hapa njia ya kuongea na mumewe. Namsihi asiitumainie. Kanuni za redio hii hazikubali lugha ya siri, na kila neno husikika kutoka Brazil hadi Thailand. Baba yuko kambi gani, atarudi lini, hayo si ya kupeleka huko. Wanangu nimewaanzisha kwa kusikiliza tu: huandika daftarini saa, nchi na alama ya msemaji, na jiografia imeanza kuwaingia.