Kabla ya Kwenda Milima ya Nepal



Ndugu zetu, tangu turudi kutoka Nepal mwezi wa Oktoba 2023 tumekuwa tukiulizwa maswali na vijana wa madrasa, na zaidi na wazazi wao, kuhusu safari ile: vitu gani vinahitajika, tulikula nini, tuliswali vipi, na kama ni kweli mtu anaweza kufa kwa kutembea tu mlimani. Tumeona ni bora tuyaandike hapa, kwa sababu kuna kikundi kingine kinachojiandaa inshaa Allaah, na wengi wao hawajawahi kulala mahali penye baridi ya kugandisha maji.

Tulikuwa wanne: walimu wawili, Hajji mmoja mfanyabiashara wa Biryogo, na kijana wa chuo kikuu ambaye tulimsomesha Juzuu Amma akiwa mdogo. Kila Jumapili baada ya Alfajiri tulikuwa tukipanda Mlima Kigali kutokea Nyamirambo. Mlima Kigali una mita 1,850 hivi, na unatosha kwa miguu na pumzi. Hautoshi kwa kimo. Kathmandu yenyewe iko mita 1,400 hivi, yaani chini kidogo ya Kigali, lakini Lukla unakoshukia kwenye ndege ndogo ni mita 2,860, na Namche ni 3,440. Ndiyo maana miezi mitatu kabla ya safari tulikwenda Karisimbi, mita 4,507, tukalala usiku mmoja mlimani. Huko ndiko kila mtu alipojua mwili wake unavyofanya hewa ikipungua. Anayetaka kwenda Nepal bila kujaribu hivyo, sisi hatumzuii, ila asiseme hakuambiwa.

Mambo ya karatasi hayana uzito mkubwa. Viza wengi wetu tunaipata tukifika uwanja wa ndege wa Kathmandu, dola 30 kwa siku 15, dola 50 kwa siku 30, na ni vizuri kuwa na dola taslimu. Ndugu zetu wenye pasipoti za Somalia na Ethiopia wao wanatakiwa kuomba kabla ya kusafiri, basi wasikate tiketi kwanza. Chukueni na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, maana sisi tunatoka upande ambao hata viwanja vya kupitia vinaweza kukuuliza. Bima iwe ile inayotaja waziwazi kimo utakachofika na uokoaji wa helikopta. Nyingi za bei rahisi zinaishia mita 3,000, na huko ndipo shida inapoanza. Lakini msimkubali kila anayewaitia helikopta kwa kichwa kidogo kuuma. Mwaka 2018 serikali ya Nepal yenyewe ilichunguza ulaghai wa watu waliokuwa wakiwashusha wagonjwa wasio wagonjwa ili bima ilipe.

Wekeni siku mbili za ziada kwa ajili ya Lukla. Ukungu ukishuka ndege hazipai, na katika miezi ya wageni wengi ndege nyingi huondokea Manthali, mwendo wa saa nne au tano kwa gari kutoka Kathmandu. Mizigo ni kilo 15 tu kwa mtu, pamoja na mfuko wa mkononi.

Nguo tulizipata sokoni Kimironko kwenye mitumba: fulana za sufi, suruali zinazokauka haraka, kofia. Makoti mazito na mifuko ya kulalia tulikodi Thamel, Kathmandu, na hatukujuta, kwani vitu hivyo ni ghali kununua na ukirudi Kigali huna pa kuvivalia. Viatu ndivyo msivyovikodi. Nunueni mapema, vivaeni miezi miwili, viwe vinafunika kongo ya mguu.

Tumesema vifunike kongo kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mawe ya njiani. Ya pili ni kupangusa khuffu. Kiatu kilicho twahara, kinachofunika mguu hadi juu ya kongo na kinachoweza kutembelewa, ukikivaa ukiwa na udhu kamili, msafiri anakipangusa siku tatu pamoja na usiku wake. Ambaye hajaosha miguu alfajiri kwa maji ya mita 4,000 hawezi kujua hii ni rehema kiasi gani. Usiku tulikuwa tunanunua chupa moja ya chai ya maji ya moto kwa wanne, ya kunywa na ya udhu, kwa sababu huko juu maji ya moto yanauzwa. Jiko linawashwa kwa mavi makavu ya yak na kila kitu kimebebwa mgongoni. Aliyechelewa kuamka alikuta yamekuwa vuguvugu. Pia someni mlango wa tayammum kabla ya kuondoka, pamoja na kisa cha Amr bin al-Aas, radhi za Allaah ziwe juu yake, alipotayamamu usiku wa baridi kali akiwa na janaba. Tumewahi kuona mtu aliyesoma fiqhi miaka kumi akabaki ameduwaa mbele ya ndoo yenye barafu.

Qibla kule ni magharibi, karibu sawasawa kabisa. Sisi wa huku tuliozoea kaskazini tunajikuta tunageuka kwa mazoea, basi kuweni na dira. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa tatu na dakika 45. Dakika hizo 45 si kosa la mwandishi, ndivyo nchi ile ilivyo.

Chakula kiliwatia wazazi wasiwasi mkubwa kuliko baridi, nasi tukawajibu kwamba ni chepesi kuliko wanavyodhani. Waislamu wa Nepal ni kama asilimia 5 ya watu wote kwa sensa ya 2021, na Kathmandu misikiti ipo, na karibu nayo nyama ya halali. Mlimani usitafute nyama. Washerpa wa Khumbu ni Mabudha na kwao hawachinji. Nyama iliyo kwenye menyu imepandishwa na wapagazi kutoka chini kwa siku kadhaa, bila barafu ya kuihifadhi. Mwenye kutafuta halali na mwenye kuogopa kuharisha wanafika kwenye sahani moja: wali, dengu na mboga, ambayo wenyewe huita dal bhat, na ukimaliza wanakuongeza. Mayai na viazi vipo pia. Hajji alibeba ndagala waliokaushwa na tende. Wenyeji walishangaa harufu, ila siku ya nne kiongozi wetu alikuwa anaomba mwenyewe.

Sasa lile tunalotaka wazazi walisome mara mbili.

Mama wa yule kijana ni mjane. Tulipokwenda kumuomba ruhusa hakuuliza habari za bei wala barafu. Alisema, "Ustadhi, mtanirudishia?" Tukaandika mbele yake mapatano: juu ya mita 3,000 hatutapandisha mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja; kila siku ya tatu au ya nne tutapumzika; mwenye kichwa kuuma haendi juu mpaka kitulie; asiyetulia anashuka, na hashuki peke yake. Wote wanne tukatia sahihi. Hajji ana shinikizo la damu, naye alikwenda kwa daktari miezi miwili kabla, na daktari huyo ndiye aliyetueleza habari za dawa ya acetazolamide, nani anafaa kuitumia na nani haimfai. Msiinunue kwa kuambiwa na rafiki.

Tulilala Namche usiku mbili, kisha Tengboche, kisha Dingboche, mita 4,410. Jioni ile kijana hakula. Alisema ameshiba. Tukamuuliza kichwa, akasema kizima. Kiongozi akamwangalia tu, akamwambia atembee kwenye mstari wa ubao wa sakafu, kisigino kikigusa kidole. Hatua ya sita akashika ukuta. Pheriche, ng'ambo ya kilima, kuna zahanati, lakini iko karibu kimo hichohicho, na kiongozi akasema kinachotibu ni kushuka. Tukavaa tochi za kichwani tukashuka wote usiku hadi Pangboche, mita 3,930, kijana ameshikwa mikono huku na huku. Zile saa tatu hatukusema neno ila dua. Asubuhi aliamka akaomba viazi. Siku iliyofuata tulikuwa Namche, akapimwa, Alhamdulillaah, na kambi ya Everest hatukuiona.

Baadaye alitueleza. Kichwa kilimuanza tangu Tengboche, lakini Hajji ndiye aliyemlipia nusu ya nauli, na aliona haya kuwa sababu ya mtu huyo kurudi bila kufika. Hajji kusikia hivyo alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, ningemwambia nini mama yako?"

Kwa hiyo katika maandalizi ya kikundi kipya tumebadilisha jambo moja. Msaada wa nauli unaingia kwenye mfuko wa wote, na anayesaidiwa hajui ni nani kamsaidia. Kiongozi wa mlimani tunamchukua mwenye leseni, na ana haki ya kumrudisha yeyote bila kujadiliwa, hata akiwa ni mwalimu. Lile zoezi la mstari, kisigino kwa kidole, linafanywa kila jioni na kila mtu, aumwe asiumwe, kabla ya chakula. Wazazi watakaotaka kuona karatasi ya mapatano waje madrasa Jumamosi baada ya Alasiri. Ipo kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na nafasi ya sahihi ya mzazi iko chini upande wa kulia.