Saa ya Ruta na Daftari la Mlinzi

Nilianza kazi ya mitandao Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 2000, enzi za madishi. Ofisi iliyojiweza ilikuwa na dishi juu ya paa likitazama setilaiti iliyo kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, na kila ujumbe ulichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Wateja walituita kwa shida moja: intaneti haipo, au ipo lakini inajikongoja. Ukiirudisha unashukuriwa, unapewa soda, unabeba begi lako. Hakuna aliyeuliza ruta inasoma saa ngapi, nani anaijua nywila yake, wala inaandika nini na maandishi hayo yanakwenda wapi. Leo, ukiniuliza ni nini nilichokishughulikia kwa moyo katika miaka yote hii, nitakutajia hayo matatu kabla ya kasi, kabla ya waya, kabla ya kitu kingine chochote.

Aliyenifungua macho alikuwa bosi wangu wa kwanza, fundi wa makamo aliyetokea kwenye simu za mezani. Siku hiyo tulikwenda kwa mteja ambaye mtandao wake ulikuwa ukianguka usiku na asubuhi unakutwa mzima. Alichomeka waya wa konsoli, ule bapa wa rangi ya samawati, akafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yake ya mkononi kwa kasi ya 9600, akaniambia nisome. Mistari yote ilianza na kinyota, kisha tarehe 1 Machi. Sisi tulikuwa Agosti.

Ruta nyingi za Cisco za wakati ule, zile zisizo na betri ya saa, zilikuwa zikizimika na kuwaka upya zinaanza kuhesabu kuanzia tarehe 1 Machi 1993. Kinyota kile ni tangazo la ruta yenyewe kwamba saa hii haijathibitishwa. Ruta ndogo za nyumbani, ambazo nyingi zinaendeshwa na Linux, huangukia tarehe 1 Januari 1970. “Imeona kila kilichotokea,” bosi akasema, “ila haijui kilitokea usiku gani.” Tukashindwa kulinganisha maandishi yale na chochote: si na kuzimwa kwa jenereta, si na zamu za walinzi, si na taarifa za kampuni iliyowauzia intaneti. Tukaiwekea saa, tukasubiri ianguke tena.

Dawa ya saa ilikuwepo tangu zamani. David Mills, Mmarekani aliyekuja kufundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Delaware, alichapisha mwaka 1985 utaratibu wa mashine kuulizana saa kupitia mtandao, unaoitwa NTP. Toleo la nne, linalotumika mpaka sasa, lilichapishwa mwaka 2010. Mills alizaliwa na presha ya macho na baadaye akapoteza kabisa uwezo wa kuona. Alifariki Januari 2024, na siku nilipopata habari hizo niliwakusanya vijana wa karakana nikawaeleza alikuwa nani, kwa sababu kila mashine waliyoigusa asubuhi ile ilikuwa ikifuata kazi ya mikono yake.

Utaratibu wenyewe ulinipendeza tangu nilipouelewa. Ruta inaandika wakati inapotuma swali. Seva ya saa inaandika wakati swali linapofika, na tena wakati jibu linapotoka. Ruta inaandika wakati jibu linapoifikia. Kwa nyakati hizo nne inajua safari nzima ilichukua muda gani, inagawa kwa mbili, inarekebisha saa yake. Ndiyo maana hata kwenye dishi, pamoja na ucheleweshaji wote ule, tulipata saa nzuri kabisa: njia ndefu haidhuru ikiwa kwenda na kurudi ni sawa. Palipokuwa na shida ni zile ofisi zilizotuma kwa laini ya simu na kupokea kwa setilaiti. Hapo safari mbili hazifanani, na saa inapotoka kwa sehemu ya sekunde. Nilijifunza pia kutoridhika na seva mbili za saa, maana zikitofautiana hutajua ipi ya kweli. Huwa naweka nne.

Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari zikafika. SEACOM ilizinduliwa Julai mwaka ule, EASSy ikafuata mwaka 2010, na kazi yetu ikabadilika kwa kishindo. Wateja waliokuwa na ofisi moja wakaanza kuunganisha matawi, na matawi yakaanza kufanyia kazi mfumo mmoja wa hesabu ulioko makao makuu. Kulikuwa na mteja mmoja ambaye tawi lake halikurudi hewani kila umeme ulipokatika, mpaka fundi apande basi. Kisa kilikuwa saa. Ruta ya tawi ilijitambulisha makao makuu kwa cheti cha kidijitali, na cheti kina tarehe ya kuanza na ya kwisha. Ruta ikiwaka huku ikidhani ni miaka ya nyuma, inakiona cheti kuwa bado hakijaanza kutumika, kwa hiyo inakataa kufungua njia ya siri ya kwenda makao makuu. Na seva ya saa ilikuwa wapi? Makao makuu, ndani ya njia hiyohiyo. Tuliipa ruta seva za saa zinazofikika moja kwa moja nje ya njia ile, na safari za basi zikakoma.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote ilitokea kwenye chama cha akiba na mikopo katika mji mmoja wa Kanda ya Ziwa. Ilikuwa mwisho wa mwezi, siku ya Ijumaa. Mfumo wa hesabu ulionyesha kwamba saa 19:12, yaani saa moja na dakika kumi na mbili usiku, fedha zilihamishwa kutoka akaunti ya mwanachama bila yeye kujua. Jengoni alikuwa amebaki keshia mmoja, dada aliyekuwa akifunga vitabu vya siku. Meneja alikwishatazama kumbukumbu za ruta kabla hajaniita: kulikuwa na mtu aliyeingia kutoka nje saa 16:05 na kutoka saa 16:31, na baada ya hapo hakuna tena. Hesabu ikawa rahisi kwao. Kama saa 19:12 hakuna aliyekuwa ameingia kutoka nje, basi aliyefanya yuko ndani, na ndani alikuwa dada yule peke yake. Barua ya kumsimamisha kazi ilikuwa imeshachapwa.

Nilisoma mistari ile na kitu cha kwanza nilichokikosa ni alama ya ukanda wa saa. Iliandika tarehe, saa, basi. Nikaingia ndani ya ruta nikakuta haikuwahi kuambiwa iko Afrika Mashariki. Ilikuwa ikihesabu UTC, saa tatu nyuma yetu, na seva ya saa iliyowekwa na fundi wa zamani ilikuwa imeacha kujibu muda mrefu. Lakini hilo ni neno langu tu, na siku ile nilihitaji ushahidi ambao hata mtu asiyejua ruta angeukubali. Nikamwendea mlinzi wa getini.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu, karibu.”

“Naomba kuliona daftari lako la matukio, la wiki hii.”

Alilitoa chini ya kiti, limefunikwa gazeti, akanipa kwa mikono miwili. Jumatano ya wiki ile alikuwa ameandika kwa kalamu ya buluu: saa 2:05 usiku umeme umekatika, saa 2:50 umerudi. Ruta ilikuwa kwenye betri ya akiba, lakini swichi ya ghorofa ya juu haikuwa na betri, kwa hiyo ilizimika, na ruta ikaandika kwamba poti yake imeanguka. Iliandika saa 17:02. Iliporudi iliandika saa 17:47. Saa 2:05 usiku ni 20:05. Tofauti ni saa tatu na dakika tatu, na ni ileile kwenye kukatika na kwenye kurudi.

Nikaweka daftari mezani kwa meneja, nikamwekea na karatasi ya ruta kando yake, nikamwomba ajumlishe mwenyewe. Mgeni wa saa 16:05 alikuwa ameingia saa 19:08 na kutoka saa 19:34. Muamala wa saa 19:12 ulikuwa katikati yake. Meneja alirudia kujumlisha kwa kikokotoo, kisha akaichukua ile barua akaiweka kwenye droo. Dada yule alirudi dirishani kwake Jumatatu.

Ningependa kuandika kwamba mwizi alipatikana. Hakupatikana, na sababu zake nimezieleza kwa kila niliyemfundisha tangu siku ile. Ya kwanza, mgeni aliingia kwa jina “admin”, na jina hilo pamoja na nywila yake walikuwa nalo meneja, mhasibu, mafundi wawili walioshaacha kazi, na watu waliowauzia mfumo wa hesabu. Ruta ilisema ukweli kwamba admin ameingia. Admin ni nani? Ya pili, anwani aliyotokea ilikuwa ya mtandao wa simu za mkononi, na mitandao hiyo hugawa anwani moja ya nje kwa wateja wengi kwa wakati uleule. Ili kampuni ya simu imjue mteja mmoja kati yao, inahitaji wakati kwa sekunde na namba ya poti aliyotokea. Hayo yalishaelezwa na wahandisi wa intaneti mwaka 2011, kwenye waraka unaojulikana kama RFC 6302, lakini ruta yetu haikuandika poti, na saa yake ilikuwa imeachwa ijiendee. Saa ya ruta inayopoteza hata sekunde moja kwa siku hupotea dakika sita kwa mwaka. Daftari la mzee lilitosha kumsafisha asiye na hatia, maana dakika zilitosha. Kumkamata mwenye hatia kulihitaji sekunde.

Sheria nayo inadai hayohayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inakubali taarifa za kielektroniki kuwa ushahidi, lakini uzito wake unapimwa kwa namna zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na zilivyolindwa zisichezewe. Kumbukumbu zinazokaa ndani ya ruta peke yake hazilindwi na kitu. Nafasi yake ni ndogo, ikijaa za zamani zinadondoka, umeme ukikatika zinafutika, na mwenye nywila anaweza kuzifuta kwa amri moja. Kwa hiyo kila mstari lazima utoke hapohapo uende kwenye seva nyingine, ambayo anayesimamia ruta haishiki. Utaratibu wa kuzituma, syslog, ulianzia Berkeley kwa Eric Allman katika miaka ya 1980, na una ngazi nane, kuanzia 0 ya hatari kuu mpaka 7 ya uchunguzi wa kifundi. Mimi natuma mpaka ngazi ya 6. Ya 7 huifungua nikiwa nimekaa mbele ya mashine, maana inaweza kuielemea ruta yenyewe. Na ujumbe unaotumwa kwa njia ya kawaida ya UDP, poti 514, hauna risiti: ukipotea njiani hakuna anayejua. Palipo na fedha natumia njia yenye uthibitisho.

Kuhusu nywila sikubali mjadala. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai ilivamia maelfu kwa maelfu ya kamera na ruta duniani kwa kujaribu tu majina na nywila kama 60 za kiwandani, zikipitia Telnet, na Oktoba mwaka ule ikatumika kuangusha tovuti kubwa za Marekani. Telnet hupitisha nywila wazi kwenye waya. Tatu Ylönen wa Helsinki alitengeneza SSH mwaka 1995 baada ya nywila kunaswa kwenye mtandao wa chuo chake, na tangu hapo hakuna sababu ya kuiacha Telnet wazi. Kila mtu na jina lake, ruta inafunguliwa kutoka chumba kimoja tu, anayeacha kazi jina lake linaondolewa siku hiyohiyo. Wakubwa hununa. Mkurugenzi mmoja aliniambia ruta ni mali yake, kwa nini asiwe na nywila. Nilimtengenezea jina lake mwenyewe, linalosoma bila kubadili, na nywila kuu nikaifunga kwenye bahasha, ikatiwa sahihi na watu wawili, ikawekwa kwenye sefu.

Ubishi unaoendelea karakana ni wa ukanda wa saa. Vijana wanataka UTC kila mahali, kama makampuni makubwa yanavyofanya. Mimi kwa ofisi zilizo Tanzania tu naweka saa yetu, na alama ya EAT kwenye kila mstari, kwa sababu hapa saa haisogezwi mbele na nyuma kwa majira, na kwa sababu wanaosoma kumbukumbu siku ya tatizo ni meneja, mlinzi na askari wa upelelezi. Tayari wana kazi ya kugeuza 19:12 kuwa saa moja na dakika kumi na mbili, na ya kuelewana kama usiku wa kuamkia Jumamosi uko kwenye tarehe ya Ijumaa au inayofuata. Sioni sababu ya kuwaongezea saa tatu nyingine. Lakini majuzi tumepata mteja wa malori mwenye ofisi Dar es Salaam, Kigali na Lubumbashi. Kigali na Lubumbashi ziko saa moja nyuma yetu, na mzigo mmoja unaandikwa kote kutatu. Pale vijana wameshinda: ruta zote tatu zinaandika UTC, alama inaonekana kwenye kila mstari, na seva inayokusanya ndiyo inayomgeuzia msomaji saa ya mahali alipo. Wiki ijayo tunakwenda Lubumbashi kuimalizia ruta ya mwisho.